Nilipobeba zege nililala usingizi, sasa nikisimama mbele ya menejimenti presha inapanda. Kwanini mwili unaogopa macho ya watu?

#1 Fundi Kalamu

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanisumbua, naomba nilieleze lote ili anayejua anisaidie. Kabla sijaajiriwa nilibeba zege miaka minne. Ghorofa ya tatu, ngazi za mbao, ndoo begani, jua la saa saba. Jioni mkono haushiki kijiko, lakini nikigusa kitanda nalala. Leo ni afisa manunuzi msaidizi kwenye ofisi moja ya umma, nina kiti cha kuzunguka na feni juu ya kichwa. Kazi inayonitesa ni moja tu: kila robo mwaka nasimama mbele ya menejimenti kusoma taarifa ya manunuzi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo naamka saa tisa bila kuamshwa na mtu. Asubuhi tumbo linavuruga. Nikifika pale karibu na projekta karatasi inatetemeka, nimejifunza kuiegemeza kwenye jalada gumu ili isitoe sauti. Hakuna aliyewahi kunifokea. Mkuu wetu huwa anavua miwani, ananitazama, anaandika kitu kwenye daftari lake, anavaa miwani. Basi. Mpaka leo sijui huwa anaandika nini.

Mama ana presha, kwa hiyo nyumbani mashine ipo. Wiki iliyopita niliitia kwenye begi. Jumapili usiku: 122/78. Jumatatu nilipotoka tu kikaoni nikajifungia stoo: 156/96. Jioni nyumbani: 126/80.

Ninachosema ni hiki: mwili hauogopi kazi, unaogopa kupimwa na watu, hasa walio juu yako. Ndani ya mwili inakwendaje hiyo? Na je, inaua?

#2 Kipepeo wa Posta

Naweka kambi hapa. Hiyo ya jalada gumu nilidhani naifanya peke yangu.

#3 Nesi wa Zamu

Mkuu Fundi, pole. Ngoja nianze na marekebisho mawili.

La kwanza, usidhani zege haikupandisha presha. Ukiwa na ndoo begani unapanda ngazi, presha yako ilikuwa juu, pengine kuliko hiyo 156. Misuli inadai damu na moyo unaitikia. Tofauti ni kwamba ukitua ndoo inashuka, na mwili unajua kazi imeisha. Hukuipima wakati ule, ndiyo maana unaikumbuka kama ilitulia.

La pili ni namna ulivyopima. Presha inapimwa ukiwa umekaa angalau dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, huongei. Wewe umetoka mbio mpaka stoo ukajifungia, hapo umepima hali ya dakika ile. Hatumwiti mtu mgonjwa wa presha kwa namba moja. Tunataka 140/90 au zaidi ijirudie siku tofauti. Na wapo ambao presha inapanda kwa kuona tu koti letu jeupe, akirudi nyumbani iko sawa. Ndiyo maana tunawaambia wapime nyumbani.

Sasa swali lako. Njia ni mbili. Ya haraka inapita kwenye mishipa ya fahamu: tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, na ndani ya sekunde moyo unadunda, viganja vinalowa, tumbo linaacha kazi yake. Ya pili ni ya polepole. Ubongo unaipa taarifa tezi ya pituitari, nayo inaziambia zilezile za juu ya figo zitoe kotisoli, homoni ya msongo. Hiyo inachukua dakika kadhaa, na inafika kileleni wakati wewe umeshakaa kwenye kiti chako na mwenzako ndiye anayesoma. Kwa hiyo ile hali ya nusu saa baada ya kikao, kichwa kizito, husikii anayezungumza, haitokani na uoga wako. Ni homoni bado iko njiani.

Kotisoli yenyewe si adui. Kila asubuhi inapanda, ndani ya nusu saa au zaidi kidogo baada ya kuamka iko juu kabisa, na usiku wa manane iko chini. Inatoa sukari ili uwe na nguvu, na kazi zinazoweza kusubiri inazisubirisha, kumeng'enya chakula, hata kinga ya mwili. Shida ni pale inapoitwa kila siku kwa jambo lisilokuwa na mwisho.

#4 Kondoo Mweusi

Mimi nitasema wanachokwepa wengine. Ulitoka kwenye zege ukapewa kiti, hapo ofisini kuna aliyekitaka hicho kiti. Usipuuze kijicho. Kabla ya kikao soma dua zako au sali, na usiache daftari lako mezani.

#5 Nesi wa Zamu

@Kondoo Mweusi kusali simkatazi mtu, wagonjwa wangu wengi wanatulia wakisali na namba inashuka mbele ya macho yangu. Ila asiache kupima.

#6 Porini Narok

Hamjambo wadau. Mimi ni mwongoza watalii huku Maasai Mara, Kenya, na swali hili lilijibiwa kwa sehemu kubwa hapa kwetu, na waliolijibu ni nyani.

Kuna mwanasayansi Mmarekani, Robert Sapolsky, alianza kuja mwaka 1978. Kwa miaka mingi alikuwa anakaa na kundi moja hapa Mara, anamjua kila nyani kwa sura. Alitaka damu yao, lakini ukimkimbiza nyani ili umkamate, kotisoli inapanda kwa sababu umemkimbiza. Kwa hiyo alitumia bomba la kupuliza lenye kishale cha dawa ya usingizi. Anasubiri nyani ageuke, asiwe ametoka kupigana wala kupandana, na iwe saa zilezile za asubuhi kwa wote, kwa sababu hiyo homoni ina ratiba kama alivyosema Nesi. Akishalala anachukua damu upesi.

Alichokuta: kundi likiwa limetulia, kila mmoja anajua nafasi yake, madume wa chini wanakaa na homoni ya msongo juu hata wakiwa wamepumzika. Mwenye kuona nyani anaelewa bila maabara. Dume mkubwa amepigwa na mwenzake, anamgeukia wa chini yake, huyo anamgeukia jike, jike anamgeukia mtoto. Wa chini hajui kofi litatoka wapi wala saa ngapi. Nimewahi kumwona mmoja amekaa peke yake anakula majani, kila anapotafuna mara mbili anageuza shingo. Kutafuna mara mbili, kugeuka. Asubuhi nzima.

Fundi, huyo ni wewe na mkuu wako wa miwani.

#7 Kipepeo wa Posta

Kumbe tunalinganishwa na tumbili sasa.

#8 Porini Narok

Tumbili ni yule mdogo mwenye uso mweusi anayekuibia mkate hotelini. Nyani ni huyu mwenye pua kama ya mbwa. Ukiwachanganya mbele ya wageni wangu nitakusahihisha hadharani na kotisoli yako itapanda.

#9 Kipepeo wa Posta

😂 Nimekoma kiongozi.

#10 Binti Saruni

Samahani, Narok umesema kweli lakini nusu. Twende Amboseli, hifadhi nyingine hapahapa Kenya. Kule Jeanne Altmann na Stuart Altmann walianzisha utafiti wa nyani mwaka 1971 na unaendelea. Kwa kupima homoni walikusanya kinyesi, inasomeka humo. Mwaka 2011 wakatoa matokeo ya miaka tisa, madume 125. Kweli, kadiri dume alivyokuwa juu ndivyo homoni ilivyopungua, isipokuwa mmoja: namba moja mwenyewe. Mkubwa wa kundi alikuwa na homoni ya msongo juu sana kuliko namba mbili. Aliyekuwa anastarehe ni namba mbili.

Na sababu waliyoona inaeleweka: yule mkubwa anapigana muda wote na kulinda majike, anatumia nguvu nyingi mno. Kwa hiyo tusiseme cheo cha chini ndicho kinachoumiza. Cheo cha juu kinacholindwa kwa ngumi nacho kinaumiza. Pengine mkuu wa Fundi naye akipimwa baada ya kikao mtashangaa.

#11 Porini Narok

Nakubali. Hata Sapolsky alisema hivyohivyo, mpangilio ukivurugika wakubwa ndio wanaohangaika. Na lipo jingine nililisahau. Miaka ya themanini kundi moja hapa lilikuwa na madume wakali waliokwenda kugombania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama ilikuwa na kifua kikuu, wale wakali wote wakafa. Wakabaki majike na madume wapole. Miaka ikapita, madume wageni wakahamia kutoka makundi mengine, na wao wakajifunza upole wa pale. Na madume wa chini wa kundi hilo hawakuwa na zile dalili za msongo. Walikuwa wa chini vilevile, lakini hawaonewi. Sapolsky na mwenzake Lisa Share waliiandika mwaka 2004. Mimi kila nikiisimulia kwa wageni sauti hubadilika.

#12 Daftari Kuukuu

Tutoke porini twende maofisini, maana Fundi ni mtu wa faili. London, mtaa wa Whitehall, ndiko ziliko wizara za Uingereza. Kuanzia mwaka 1967 walifuatilia wanaume zaidi ya 17,000 watumishi wa serikali. Wote wana ajira, wote wana mshahara, wote wanatibiwa bure. Wa daraja la chini kabisa, matarishi na walinzi wa milango, walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara tatu hivi ya wale wa daraja la juu kabisa.

Ingekuwa ni hivyo tu ningesema sawa, wa chini ana shida zake. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba ilikuwa ngazi. Daraja la pili lilikufa zaidi ya la kwanza, la tatu zaidi ya la pili. Mtu wa daraja la pili Whitehall ana nyumba, ana suti, hana njaa, ila bado yuko nyuma ya aliye juu yake. Michael Marmot ndiye aliyeufanya utafiti huu ujulikane. Mwaka 1985 wakaanza wa pili, watu 10,308, safari hii na wanawake wamo. Hapo ndipo walipoona kwamba anayefanya kazi asiyokuwa na uamuzi nayo, haamui aanze na nini wala amalize lini, moyo wake uko hatarini zaidi.

Kwa hiyo Fundi, uliuliza kama inaua. Miwani ya mkuu kwa siku moja haiui. Miaka thelathini ya kutoamua chochote, hiyo ndiyo naiogopa.

#13 Mchumi wa Mtaa

Wakuu mnazunguka. Tarishi anavuta sigara zaidi, anakula vibaya, anaishi chumba chenye unyevu, anaamka mapema kuwahi treni. Huo ni umaskini. Msiupake rangi ya homoni. Mpe mshahara mzuri muone kama moyo utamsumbua.

#14 Daftari Kuukuu

Sigara, presha, lehemu (kolesteroli), vyote walivihesabu. Vilieleza chini ya nusu ya tofauti. Iliyobaki ndiyo tunayoizungumzia. Mshahara sikatai, ni sehemu. Lakini daraja la pili halikuwa maskini, hilo hujalijibu.

#15 Mchumi wa Mtaa

Sijalijibu na sitalijibu leo, ila sijashawishika. Mtu anayejua mshahara wake hautafika tarehe 20 hahitaji mkuu wa miwani. Msongo wake unamsubiri nyumbani, umekaa kwenye kochi.

#16 Chumba Namba Sita

Nasoma Ujerumani na nilishafanyiwa jaribio la jambo hilihili, kwa hiari yangu, nikalipwa kidogo. Liliundwa Chuo Kikuu cha Trier, likatangazwa mwaka 1993, sasa linatumika dunia nzima. Ngoja niwaeleze.

Wanakupa pamba ndogo kama kidole unatafuna, inaloa mate, wanaitia kwenye kichupa. Kisha unaambiwa una dakika kumi ujiandae kueleza kwanini wewe ndiye unafaa kwa kazi fulani. Nikaandika hoja zangu vizuri. Naingia chumba cha pili, karatasi wakaninyang'anya. Mbele yangu wamekaa watu wenye makoti meupe, kamera inawaka. Nikaanza kuongea. Hawatabasamu, hawakunji uso, hawaitikii kwa kichwa. Baada ya dakika mbili nikawa nimemaliza yote niliyokuwa nayo nikanyamaza. Nao wakanyamaza. Mwishowe mmoja akasema: "Bado una muda. Endelea." Wadau, ule ukimya ninao mpaka leo mwilini.

Nikadhani yameisha. Wakasema, sasa hesabu kurudi nyuma kutoka 1022 ukitoa 13 kila mara, kwa haraka. Nikafika mahali nikakosea. "Umekosea. Anza tena, 1022." Nikaanza. "Umekosea. 1022." Mimi hesabu ndiyo fani yangu.

Halafu pamba tena, na tena, kila baada ya dakika kadhaa kwa zaidi ya saa nzima. Mwisho wakaniambia ukweli: wale si majaji wa kitu chochote, wamefundishwa kutoonyesha uso. Nikacheka lakini mguu bado ulikuwa unacheza. Wakanionyesha kwamba kilele cha kotisoli kwenye mate yangu kilikuja baada ya kutoka chumbani, kama alivyosema Nesi.

#17 Kipepeo wa Posta

Mbona rahisi. 1022, 1009, 996, 983, 973...

#18 Daftari Kuukuu

970. Umekosea. Anza tena, 1022.

#19 Kipepeo wa Posta

Na niko peke yangu chumbani, hakuna anayeniona, nimesikia joto masikioni. Kweli kabisa.

#20 Chumba Namba Sita

Hilo la joto masikioni ndilo jibu. Mwaka 2004 watafiti Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikusanya majaribio 208 ya namna hii. Kazi ngumu ya akili peke yake haikupandisha kotisoli sana. Kelele peke yake, hapana. Iliyopandisha kuliko zote, na kuchelewa kushuka kuliko zote, ni ile yenye vitu viwili kwa pamoja: kuna mtu anakupima, na hakuna unachoweza kufanya ili ufaulu. Fundi, hujui anaandika nini kwenye lile daftari. Hapo ndipo penyewe.

#21 Mwanakadamnasi Tanga

Assalaam alaykum. Naona mnakwenda London na Ujerumani kutafuta jambo ambalo bibi zetu walilitia majina zamani. Kuna haya, kuna aibu, kuna kutahayari, kuna fedheha. Havilingani. Haya ni pambo, unaweza kuwa nayo na ukasifiwa. Aibu unaweza kuibeba mwenyewe moyoni bila mtu kujua. Kutahayari ni pale uso unapoingia moto na ulimi ukawa mzito, hiyo homoni ya haraka mnayoisema. Fedheha haiwi mpaka watu wawepo. Bila kadamnasi hakuna fedheha.

Nilipokuwa msichana niliona mtu akisutwa. Wanawake wakaja na khanga sare, na ngoma, wakasimama mlangoni kwake mchana. Hakuguswa. Hakupigwa hata kofi moja. Alikuwa anachambua mchele, ungo uko mapajani, na mikono iliendelea kuchambua lakini ikawa inatupa mchele chini na kubakisha mawe. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa uchochoro naona. Mwezi mzima baadaye hakutoka nje, na nywele zilimpukutika. Mtu aseme ni homoni, aseme ni roho, mimi niliona mikono ile.

#22 Nesi wa Zamu

Bi Tanga, umenisimamisha nywele. Na nywele kupukutika miezi miwili mitatu baada ya mshtuko mkubwa tunaiona hospitali, ni jambo la kweli. Wengi wanakuja wamesahau mshtuko wenyewe.

#23 Shuwena wa Maskati

Niko Oman mwaka wa sita, kazi za ndani. Nimefanya nyumba mbili. Ya kwanza kazi ilikuwa nyingi sana, watoto watano, kupika, kufua, kulala saa sita za usiku. Nilikonda lakini nilikuwa mzima. Mama wa nyumba aliniachia jiko, akitaka kitu anasema, nikimaliza anasema umefanya vizuri Shuwena, au hasemi kitu.

Ya pili kazi ilikuwa chache. Watu wawili tu. Lakini mama alikuwa anakuja kusimama mlangoni mwa chumba cha pasi. Anasimama tu. Napiga pasi dishdasha, kanzu ya kiume ya huku, nafika kwenye kola, hapo ndipo pagumu maana ikikaa mkunjo inaonekana kwa kila mtu, na najua yuko nyuma yangu. Hasemi. Nikimaliza anachukua, anaitazama kwenye mwanga, anaitundika. Au anairudisha kwenye kapu bila neno. Ndani ya miezi mitano vidonda vya tumbo vikanianza na siku zangu zikavurugika. Nikaondoka. Sasa niko nyumba nyingine, kazi ni nyingi tena, na nalala.

Kaka Fundi nimekuelewa neno kwa neno.

#24 Fundi Kalamu

Dada Shuwena, nimesoma yako mara tatu. "Anaitazama kwenye mwanga." Ahsante.

#25 Mwalimu Ubaoni

Nimefundisha miaka thelathini na moja, sasa nimestaafu. Nawasoma tangu jana na nina la kuchangia ambalo si jepesi kwangu.

Tulikuwa tunamwita mtoto ubaoni. Chaki mkononi, wenzake hamsini nyuma yake, fimbo mezani. Akikosa, darasa linazomea, kisha anachapwa. Tuliona tunamjengea ujasiri. Kulikuwa na binti mmoja anayepata tisini kwenye karatasi, ubaoni hawezi kujumlisha. Nikawa namwita zaidi, nikidhani atazoea. Siku moja alijikojolea pale mbele. Hakurudi shule wiki mbili.

Kwa hiyo Fundi, kabla ya kumhesabia mkuu wako, rudi nyuma. Karatasi inayotetemeka mkononi mwako huenda ilianza kutetemeka ukiwa darasa la nne. Mwili unakumbuka mahali pa kusimama: mbele, peke yako, wengine wamekaa. Nadhani ni malezi kuliko cheo. Na yule binti kama anasoma hapa, naomba anisamehe.

#26 Kondoo Mweusi

Mwalimu, wachache wanasema hivyo. Heshima kwako.

#27 Kijana wa Takwimu

Hoja ya tofauti. Mnajuaje kama si kinyume? Huenda mwenye mwili dhaifu, anayeshtuka haraka, ndiye anayebaki chini. Cheo hakimuumizi, udhaifu wake ndio unamshusha. Nyani wa Narok na matarishi wa London, wote mnawakuta wameshapangwa.

#28 Binti Saruni

Swali zuri, na lilijaribiwa. Huwezi kugawa vyeo kwa nyani wa porini, lakini kule Atlanta, Marekani, Jenny Tung na wenzake waliwatumia kima wa Asia waitwao rhesus. Majike wa aina hiyo wasiojuana ukiwaingiza kwenye kundi jipya mmojammoja, anayetangulia anakuwa mkubwa na wa mwisho anakuwa mdogo. Kwa hiyo watafiti ndio walioamua nani awe nani. Matokeo ya 2012 na ya 2016 yalionyesha kwamba cheo kilibadilisha jinsi jeni za kinga zinavyofanya kazi kwenye chembe za damu. Wa chini kinga yake inaelekea kwenye uvimbe wa ndani. Wakawapanga upya, na cheo kilipobadilika damu nayo ikabadilika.

#29 Kijana wa Takwimu

Hiyo ni nzito. Kwa kima nakubali. Kwa binadamu bado nina mashaka, maana binadamu ana vyeo vingi kwa wakati mmoja. Tarishi wa London Jumapili anaweza kuwa mzee wa kanisa, wote wanasimama kumpa heshima.

#30 Mchumi wa Mtaa

Na nyumbani hana hela. Nasimama palepale.

#31 Mshereheshaji Kanda ya Ziwa

Mimi kazi yangu ni harusi, kila Jumamosi watu mia nne wananitazama. Mwaka wa kwanza nilikuwa natapika kabla ya kushika maiki, kila Jumamosi, bila kukosa. Mke wangu alikuwa ananibebea maji na mnanaa. Ikaisha yenyewe, sijui harusi ya ngapi. Fundi, omba kusoma taarifa kila mwezi badala ya kila robo mwaka. Miezi mitatu ni mirefu, mwili unasahau kwamba ulipona.

Ila niseme na hili: kaka yangu tulianza pamoja. Yeye haikuisha. Miaka minne akaacha, sasa anapanga viti na anafurahi.

#32 Chumba Namba Sita

Wewe na kaka yako mmo kwenye vitabu. Walewale wa Trier, mwaka 1995, waliwarudisha wanaume 20 kwenye jaribio siku tano mfululizo. Siku ya kwanza karibu wote kotisoli juu. Siku ya pili wengi wakatulia. Saba wakaendelea kupanda siku zote tano. Walewale, jaribio lilelile.

#33 Mshereheshaji Kanda ya Ziwa

Saba kati ya ishirini. Nitamwambia. Amekuwa akijiona mwoga peke yake.

#34 Nesi wa Zamu

Fundi, kikao kingine lini? Safari hii pima ukiwa umekaa dakika tano.

#35 Fundi Kalamu

Wakuu, narudi. Kilikuwa leo, kikao cha dharura cha hoja za ukaguzi. Nawashukuru wote, ila nimerudi na swali jingine badala ya jibu.

Leo sikuzungumza kabisa. Aliyesimamishwa ni mwenzangu wa stoo, kijana wa miaka ishirini na sita, mwezi wa tatu kazini. Vitabu vya kupokelea bidhaa havikulingana. Mimi nilikaa kiti cha mwisho karibu na dirisha, sina karatasi, sina zamu, hakuna aliyenitazama hata mara moja. Mkuu akavua miwani, akamtazama, akaandika, akavaa miwani. Kijana akawa anafungua kurasa za kitabu anarudia palepale, kama mtu aliyepoteza noti.

Nilitoka, nikakaa dakika tano kama Nesi alivyoelekeza, mgongo umeegemea, miguu chini, kimya. 148/94.

Sasa hapo mimi nani alikuwa ananipima?

#36 Mwanakadamnasi Tanga

Nami nilikuwa ng'ambo ya uchochoro tu, mwanangu, na magoti yalinicheza.

#37 Nesi wa Zamu

Huyo kijana je, mlimpima?

#38 Fundi Kalamu

Nilimfuata stoo nikampa mashine. Aliishika, akaufungua ule mkanda, akaufunga tena akanirudishia. Kasema hataki kujua.